MJADALA: Je, Uingereza ilikosea kuacha kuandika sheria zake kwenye ngozi?

Wadau, naomba tujadili jambo hili kwa kina. Kwa karne kadhaa sheria za Bunge la Uingereza ziliwekwa kwenye ngozi ya ndama iliyokwanguliwa na kukaushwa. Mwaka 2016 Baraza la Malodi, yaani baraza la Bunge hilo lisilochaguliwa na wananchi, ambalo ndilo husimamia kazi hiyo, liliamua kuhamia karatasi ya kuhifadhi nyaraka. Hoja yao ilikuwa kuokoa kama pauni 80,000 kwa mwaka. Wabunge wa kuchaguliwa wakapinga kwa kura 117 dhidi ya 38. Mwaka uliofuata wakakutana katikati: majalada ya mbele na nyuma yawe ya ngozi, na kurasa za ndani ziwe karatasi.

Mimi nasema walikosea. Wanaoiunga mkono hatua hiyo huniambia kuwa napigania mapambo, kwamba karatasi nzuri hudumu sana na kompyuta inahifadhi kila kitu. Najibu.

Kitabu cha Domesday kiliandikwa kwenye ngozi mwaka 1086 kwa amri ya William, mfalme aliyeivamia nchi miaka ishirini kabla, akitaka kujua nani anamiliki shamba gani, lina plau ngapi na linamwingizia nani kiasi gani. Kilikuwa chombo cha utawala, wala hakikuandikwa kwa ajili ya wanyonge. Lakini tazameni kilichotokea mwaka 1377, kitabu kikiwa na umri wa miaka 291. Wanavijiji wa kusini mwa Uingereza, wengi wao wakulima wasio huru, walichangishana fedha wakanunua nakala rasmi za kurasa zinazohusu vijiji vyao. Walitaka kuthibitisha kwamba ardhi yao zamani ilikuwa ya mfalme mwenyewe, hivyo makabaila hawana haki ya kuwatoza kazi za ziada. Walishindwa. Bunge lilisimama upande wa makabaila na hatua zikachukuliwa za kuwazima. Hata hivyo kwangu hapo ndipo penye uzito wote: mtu asiye na cheo aliweza kwenda kwenye rekodi ya mfalme aliyekufa karibu miaka mia tatu nyuma na kusema, hebu nionyesheni palipoandikwa. Miaka minne baadaye, katika uasi wa 1381, wakulima waliteketeza magombo ya mahakama za makabaila sehemu nyingi. Walijua vizuri sana kwamba utumwa wao umelala kwenye maandishi.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 1986, Domesday ilipotimiza miaka 900, BBC iliandaa Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja, wakiwemo watoto wa shule, waliandika habari za maeneo yao na kupiga picha, kisha vyote vikawekwa kwenye diski za leza. Haikufika hata miaka ishirini, mashine za kusomea diski hizo zikawa adimu, na wataalamu wakalazimika kufanya kazi kubwa ya kuokoa yaliyomo. Kile cha 1086 bado kipo Kew, London, na anayejua Kilatini chake cha vifupisho anakisoma kwa macho yake. Hahitaji umeme.

Kuna mchangiaji atasema ngozi nayo huungua. Ni kweli, na hoja hiyo naiheshimu kuliko zote. Mwaka 1731 moto katika maktaba ya Cotton uliharibu mojawapo ya nakala nne zilizobaki za Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliteketea, na magombo ya karne nyingi ya serikali ya kifalme huko yakawa majivu. Wanahistoria wameweza kurudisha sehemu ya yaliyopotea kwa sababu tu nakala zilikuwa zimesambaa kwingine.

Makarani wa zamani waliliona hili mapema. Mwaka 1195, Hubert Walter akiwa msimamizi mkuu wa mahakama za mfalme, uliwekwa utaratibu ambao kwangu ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa ya utawala ule. Mapatano ya ardhi yaliandikwa mara tatu kwenye kipande kimoja cha ngozi: mara mbili juu, mara moja chini. Ngozi ikakatwa kwa mistari ya mawimbi. Kila upande ukachukua nakala yake, na ile ya chini ikabaki Hazina ya mfalme. Ukileta ya kughushi, kingo hazioani. Maelfu ya vipande hivyo vya chini vipo hadi leo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni ngozi na nakala nyingi kwa pamoja. Karatasi iwepo, kompyuta iwepo tena kwa wingi, ila asili ibaki kwenye kitu ambacho tumekwisha kuona kikivuka miaka mia tisa. Pauni 80,000 kwa serikali ya nchi ile ni fedha ndogo mno kuwa sababu.

Na msidhani hayatuhusu. Sheria yetu Tanzania bado inatambua misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya tarehe yao ni 12 Agosti 1897. Wakili wa Dodoma au Kisumu anaweza kujikuta anajenga hoja juu ya kanuni ambayo mizizi yake iko kwenye magombo hayo hayo.

Swali langu kwa mnaounga mkono karatasi na kompyuta: mwaka 2316, mkulima akitaka kuthibitisha sheria ya leo dhidi ya mwenye nguvu, na mashine za leo hazipo, ataonyeshwa nini? Nijibuni hilo kwanza, ndipo tuzungumzie gharama.