Mliotazama filamu ya Warusi ya viti 12, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naizungumzia ile filamu ya kejeli iliyotokana na riwaya ya waandishi wa Kisovieti, Ilf na Petrov, ya 1928. Mama mkwe yuko taabani kitandani, anamwita mkwewe Vorobyaninov na kumwambia kuwa wakati wa mapinduzi alishonea vito vyake ndani ya kiti kimoja kati ya 12. Viti vyenyewe vilishataifishwa. Ndipo mzee anaungana na tapeli Ostap Bender kuvisaka nchi nzima.

Mimi niliiona Moscow, mwaka wa maandalizi, bado nasoma lugha. Ilikuwa ile ya televisheni ya 1976, sehemu nne, Andrei Mironov akiwa Bender. Maneno yalinipita karibu yote, ila moja lilinasa. Siku chache baadaye nikamwomba mama mlinzi wa bweni blanketi la pili, kisha pasi, kisha sindano na uzi. Akavua miwani, akaniuliza: "Au nikupe na ufunguo wa nyumba zilipo hela?" Nikaangua kicheko, maana ndivyo Bender anavyomjibu mtoto aliyemganda akiomba senti. Mama yule alinishika mkono kwa furaha, na tangu siku hiyo akawa ananiita kwa jina. Haya, tiririkeni.

Mchangiaji wa 1
Mimi nilianza na ile ya mwongozaji wa Marekani, Mel Brooks, ya 1970. Mule Bender hafi, wanaishia kuombaomba pamoja barabarani. Nilipoisoma riwaya nikashtuka: mzee anamkata mwenzake koo kwa wembe akiwa usingizini, usiku wa kukifuata kiti cha mwisho. Brooks aliwahurumia mno. Tamaa ile haina huruma.

Mchangiaji wa 2
Mkuu, hii imenigusa. Bibi yetu alikuwa anaficha hela ndani ya godoro la sufi, na hakumwambia mtu mpaka siku zake za mwisho, akamnong'oneza mama. Baada ya matanga shangazi akawa ameshaligawa. Tulilisaka siku tatu. Tukalikuta kwa jirani wa mtaa wa pili, sufi yote imechambuliwa ikawa mito, na nyumba yake imeezekwa mabati mapya.

Miaka mingi baadaye nikaiona filamu. Vorobyaninov anafika kwenye kiti cha mwisho, anaambiwa vito vilishapatikana, vimejenga klabu ya wafanyakazi wa reli, ndiyo hiyo aliyosimama ndani yake. Nilimwona mama yangu mlemle, vile alivyosimama kwenye ua wa jirani akitazama juu, akasema tu: "Yanang'aa."