Kifundo kinageuka kila mara, kukandwa na fizio kunabadilisha kutembea kweli?

Winga_Busia:
Habari za jioni wakubwa. Nacheza mpira huku Busia upande wa Uganda, kifundo cha mguu wa kulia kiliteguka vibaya zamani na tangu hapo hakijakaa sawa, nikikanyaga kajiwe tu kwa murram mguu unageukia ndani, hata kushuka kwa bodaboda naogopa. Fizio ananisukuma kifundo kwa mikono, nikitoka pale nasikia kimefunguka kabisa, lakini soli ya kiatu bado inalika upande wa nje. Hii kazi ya mikono inabadilisha namna mtu anatembea ama nalipia nafuu ya siku moja?

FizioMbale:
Pole sana ndugu. Mko wengi, utafiti unataja hadi watu 40 kwa 100 wa wale walioteguka mara ya kwanza wanabaki na kifundo kisichotulia. Mfupa unaoitwa talasi umebanwa katikati ya mifupa miwili ya mundi, ukikunja kifundo goti liende mbele, talasi inatakiwa iteleze kurudi nyuma. Baada ya kuteguka mara nyingi haitelezi vizuri, ndiyo fizio anaisukuma nyuma kwa mikono, wengine wanafanya mgonjwa akiwa amesimama anakunja goti, ile njia ya Brian Mulligan wa New Zealand. Hapo kifundo kinakunjika zaidi na balansi inaweza kupata nafuu, hiyo siyo bure.

Lakini kutembea ni kitu kingine. Mtu mwenye shida yako, kabla kisigino hakijagusa chini unyayo tayari umeinamia ndani, uzito unapita ukingo wa nje, na misuli ya upande wa nje wa mguu, peroneasi, inachelewa kushika. Ubongo umezoea hivyo. Mikono ya fizio inafungua njia tu, kupita unajifunza mwenyewe, na nasema hivyo nikiwa natumia mikono hiyo kila siku kazini.

DadaWaNetiboli:
Kweli kabisa hiyo. Mimi huku Tororo nilikandwa weee, kilichonitoa ni kusimama mguu mmoja pekupeku nikipiga mswaki, halafu macho yamefungwa, halafu juu ya godoro lililokunjwa, na tyubu ya baisikeli nimefunga kwa mguu wa meza navuta unyayo kwenda nje. Inachosha na inaboa, wiki za kwanza huoni kitu, usiache.

BabaK_Malaba:
Na wale wazee wa kukanda na maji moto je? Huku ndio tunaanzia kwao, kijana wangu juzi ameteguka wakataka kumvuta.

FizioMbale:
Mzee wangu, kilichoumia juzi kisivutwe na maji moto yaache. Kama hawezi kutembea hatua 4, ama ukibonyeza ncha ya nyuma ya kile kifupa cha nje au cha ndani ya kifundo anaruka kwa maumivu, mpeleke apigwe eksirei kwanza, inaweza kuwa amevunjika.

Winga, wewe jipime: vidole vielekee ukutani, kisigino kisiinuke, goti liguse ukuta, rudi nyuma mpaka pale linagusa kwa shida. Pima kidole gumba mpaka ukuta, miguu yote.

Winga_Busia:
Nimepima. Mguu mzima sentimita 11, huu mbovu 7. Sikujua iko mbali hivyo.

FizioMbale:
Kila sentimita ni kama digrii 3.6 za kukunja kifundo, kwa hiyo unakosa karibu digrii 14, ni nyingi hizo kwa mchezaji. Basi usimwache fizio wako, mwombe tu akimaliza kusukuma mfanye mazoezi pale pale kifundo kikiwa bado laini: kuchuchumaa mguu mmoja, kushuka ngazi polepole, kutembea ukiangalia kisigino kitue katikati na uzito umalizikie kidole gumba. Nyumbani fanya ya dada wa Tororo kwa wiki 6 hivi. Uwanjani funga bandeji ya kunata au vaa bresi, ile soksi ngumu ya kushika kifundo, inapunguza kuteguka tena. Pima ukutani kila wiki, na kama sentimita zimelingana lakini mguu bado unageuka, mwambie aangalie kano zenyewe, kuna wanaohitaji kushonwa.

Winga_Busia:
Asante sana ssebo, asante dada. Tyubu iko hapa, naanza leo usiku.