Dawa ya aleji imemnyima mtoto usingizi, naomba ushauri
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 3, kilo 14. Daktari alimwandikia setirizini ya maji kwa mafua ya aleji, mililita 2.5 asubuhi na jioni. Chafya zimekata, ila leo usiku wa nne usingizi hapati: saa nane anaruka kitandani, mara analia bila sababu, mdomo umemkauka. Na mimi nilijua dawa hizi zinalaza! Nimesogeza dozi ya jioni hadi saa kumi na moja, wapi. Homa hana, vipele hana, anapumua vizuri. Kliniki hadi Jumatatu.

Kuna aliyeona mtoto akichangamka hivi kwa dawa hii? Na hiyo ya jioni niiruke kwanza, au niendelee tu mpaka nimwone daktari?