Tupeane uzoefu: gari dogo gani linatulia kwenye kona bila kuumiza mgongo, hapa Mtwara na Lindi?

Kuchele
Ndugu zangu wa kusini, juzi tulikwenda msibani Masasi. Nilikwenda kwa Toyota Vitz ya shemeji yangu, ile ya umbo la kwanza, na nikarudi kwa Toyota IST ya jirani. Barabara ni ileile ya Mikindani, Mingoyo, Mtama na Ndanda, na abiria tulikuwa idadi ileile, lakini mwili wangu ulipokea safari mbili tofauti kabisa. Vitz ilipita juu ya viraka kwa upole, ila kila tulipokutana na lori la makaa ya mawe linalokwenda bandarini ilisukumwa na upepo. IST ilishika barabara vizuri zaidi, lakini kila tuta nililihisi kiunoni. Naomba tuyaache ya bei na ulaji wa mafuta, tuzungumzie utulivu na raha ya kukaa tu.

Mwana Mikindani
Umesema kweli tupu kuhusu upepo wa malori. Ninapopishana nayo katika zile kona za pembeni mwa ghuba, mikono yote miwili huwa kwenye usukani.

Mwalimu wa Nanyamba
Ndugu Kuchele, nimekuelewa vizuri, kwa sababu nimeendesha umbo la kwanza la Vitz na sasa ninaendesha la pili. Lile la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005, lina umbali wa milimita 2,370 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na IST ya kwanza ina kipimo hichohicho kwa kuwa imejengwa juu ya msingi uleule. Umbo la pili la Vitz, lililoanza 2005, lina milimita 2,460. Sentimita tisa zinaonekana ndogo mezani, lakini kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi ndizo zinazoamua kama pua ya gari itapanda wakati mkia unashuka, au kama gari zima litapita kwa pamoja. Kwenye lami ya Mtwara hadi Mnivata siwezi kudai kwamba niliona tofauti kubwa. Niliiona mbele ya hapo, kuelekea Tandahimba, ambako mke wangu alikuwa akilalamikia shingo kila tulipofika, na malalamiko hayo yalikwisha tulipobadilisha gari.

Mitwero
Mwalimu, heshima yako, lakini urefu peke yake hauelezi kila kitu. Suzuki Swift ya umbo lililoanza 2004 ina milimita 2,390 tu, na bado hakuna gari dogo nililoendesha linalotii usukani kama hilo. Kutoka Lindi kwenda Kilwa ninaingia kwenye kona na gari halilali upande.

Mwalimu wa Nanyamba
Ndugu Mitwero, utii wa usukani na raha ya abiria ni mambo mawili. Swift ina springi ngumu, ndiyo maana hailali. Mpakie mama yako mzazi kiti cha nyuma, umpeleke Nachingwea, kisha umwulize yeye badala ya kujiuliza mwenyewe unayeshika usukani.

Mitwero
Mama yangu amekwisha kupanda na hakulalamika. Tusisemeane kwa niaba ya wazazi.

Fundi wa Mkanaledi
Wakuu, tusigombane. Magari yote mliyoyataja, pamoja na Passo na Honda Fit, kwa yale yasiyosukuma matairi manne, yana mpangilio unaofanana. Mbele kila tairi lina mguu wake wenye springi na shokapu. Nyuma matairi mawili yameunganishwa kwa boriti moja inayojipinda, hivyo tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linapata habari. Fit inatofautiana kidogo kwa sababu tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, uzito ukakaa chini na katikati. Lakini gari likifika kwangu, kwanza ninaangalia shokapu, bushi (zile raba za kwenye maungio) na umri wa matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnalinganisha magari wakati moja lina shokapu nzima na jingine linavuja mafuta. Ulinganisho wa namna hiyo hauna haki.

Bi Newala
Maneno ya Fundi kuhusu shokapu yamenirudisha kwenye usiku ambao sitausahau. Ilikuwa kabla ya ujenzi wa lami kuanza upande wetu. Baba alianguka akavunjika nyonga, nasi tukaazima gari dogo la ndugu, ambalo jina lake silitaji kwa kuwa kosa halikuwa la waliolitengeneza. Gereji moja ilikuwa imelifunga shokapu za nyuma zilizotoka kwenye gari la aina nyingine, fupi kuliko zinazostahili. Tulimlaza baba kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, mdogo wangu akaendesha, tukaanza kuteremka kutoka Newala kuelekea Masasi huku mvua ikinyesha. Juu kwenye tambarare gari liligonga chini kila baada ya muda mfupi, na kila lilipogonga baba aliuma shuka. Tulipofika kwenye mteremko, katika kona yenye mawimbi, sehemu ya nyuma iliruka, ikatua, ikaruka tena kabla haijatulia, na mara ya tatu ilikuwa imehama kwenda upande wa korongo. Mdogo wangu hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akaelekeza usukani kule mkia ulikokwenda, na gari likajinyoosha likiwa limebakiza nafasi ndogo sana. Tulisimama pale, hatukuweza kusema neno, mpaka baba mwenyewe alipotuambia tuendelee. Tulifika hospitali ya Ndanda alfajiri.

Mwana Mikindani
Pole sana dada yangu. Mzee anaendeleaje?

Kuchele
Pole, Bi Newala. Mdogo wako ni dereva kwelikweli.

Mitwero
Nami nakupa pole. Ndiyo maana gari langu nimeliinua kwa kuweka spesa, vile vipande vya kuinulia, juu ya springi, lisigonge chini.

Fundi wa Mkanaledi
Ndugu Mitwero, nakusihi uliangalie upya jambo hilo. Spesa inainua gari, lakini shokapu haiongezeki urefu, kwa hiyo tairi likishuka shimoni inafika mwisho wake mapema. Vilevile uzito unapanda juu, na zile kona unazozisifia zitakuwa mbaya zaidi.

Mitwero
Bila spesa ningekuwa nimekwisha kupasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kule Ruangwa. Wewe unatengeneza magari mjini, mimi ninalala nayo porini.

Mwana Mikindani
Mimi ninapunguza upepo wa matairi tu, gari linakuwa laini.

Mwalimu wa Nanyamba
Kwenye mchanga wa Msimbati punguza, ndugu yangu, lakini ukirudi kwenye lami ujaze tena kufuata kibandiko kilichoko mlangoni mwa dereva. Tairi lenye upepo mdogo linapata joto kwa mwendo mkali, na linaweza kupasuka.

Bi Newala
Ahsanteni kwa pole zenu. Baba anatembea kwa mkongojo. Safari za kliniki tunatumia Mazda Demio ya shemeji yangu, na anaomba kukaa mbele, kiti kikiwa kimelazwa kidogo. Anasema nyuma, karibu na ekseli, ndiko kunakomrusha.

Kuchele
Jirani ananishauri niweke mfuko wa saruji kwenye buti ili Vitz isiyumbe kwa malori. Fundi, unasemaje?

Fundi wa Mkanaledi
Usiweke. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua inakuwa nyepesi, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayokusukuma na kukuongoza. Ukandamize bampa kwa nguvu kwenye kila pembe ya gari, kisha uiachie: gari likirudi mara moja na kutulia, shokapu bado ina uhai, likiendelea kunesa, uzibadilishe mbili kwa pamoja, za kushoto na kulia. Kisha upimishe usawa wa matairi, halafu ndiyo upishane na lori la makaa uone.