Naomba ushauri: gemu ya mahandaki isiyo na wafalme wala mazimwi, tuiweke wapi?

Kijana_wa_Ilala:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na binamu yangu tunatengeneza gemu ya simu. Ni zile gemu za mahandaki: unashuka ngazi baada ya ngazi, giza, hujui kona inayofuata ina nini, unapambana, unaokota, ukizidiwa unapanda juu au unafia humo humo. Mwendo ni wa hatua kwa hatua kwenye miraba na unaona mbele yako tu, kama ilivyokuwa Dungeon Master ya mwaka 1987. Binamu anachora, mimi naandika kodi kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu. Mwendo, ramani na mapigano vinafanya kazi vizuri.

Tulipokwama ni mandhari. Mpaka sasa tuna kuta za mawe, mienge, mifupa inayotembea na panga. Kila tunayempa ajaribu anacheza kidogo, anarudisha simu, anasema "hii nishaiona". Ni kweli ameiona. Tangu Wizardry ya 1981 watu wanashuka kwenye shimo lile lile la Ulaya ya kale, na sisi wa Dar hatuna la kuongeza humo.

Tumefikiria chombo cha angani, tumefikiria mji wa sasa uliohamwa, tumefikiria magofu ya pwani. Ninachoogopa ni kubadilisha rangi tu: mifupa iwe maroboti, mwenge uwe tochi, basi. Na sitaki mikuki na vinyago vya kumfurahisha mtalii. Tunawalenga watu wa huku kwanza.

Mngekuwa nyinyi mngeiweka wapi, na kwa nini?

---

Mzee_wa_Kaseti:

Kijana, hongera kwa kufika hapo. Wengi huishia kwenye mchoro wa daftari.

Hofu yako ya rangi ndiyo ya kushika. Nimecheza gemu hizi tangu enzi za kompyuta za kaseti, na zile zilizoachana na Ulaya ya kale zikafanikiwa zilibadilisha kinachokuua na kinachokuishia. Shin Megami Tensei ya 1992 iliweka mashetani Tokyo ya leo, ikakupa uwezo wa kuzungumza nao: unabembeleza, unahonga, anajiunga na kikosi chako. Katika Strange Journey ya 2009 kikosi kinaingia kwenye giza lililotanda Antaktika, na mavazi mnayovaa ndiyo uhai wenu. System Shock ya 1994 ilikufungia kwenye kituo cha angani ambacho kompyuta inayokiendesha ndiyo adui, kwa hiyo kamera iliyo ukutani ni jicho lake na unaivunja.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni Duskers ya 2016. Huingii ndani mwenyewe. Umekaa kwenye chombo chako, unatuma vidroni ndani ya meli za angani zilizotelekezwa, unaviamuru kwa kuandika maneno kwenye kibodi. Unachokiona ni mistari ya ramani tu. Adui humwoni vizuri, unajua tu kwamba chumba fulani kuna kitu kinatembea, na ukishafungua mlango usiofaa umepoteza droni. Watengenezaji wachache, michoro michache, na mikono inatoka jasho. Kwa watu wawili wenye simu ndogo, hilo ni somo kubwa kuliko mazimwi elfu.

Kwa hiyo kabla hujauliza "wapi", jiulize huyu mtu anashuka kutafuta nini, na ni nini kinaisha akiwa chini. Ukishapata jibu la hayo, kuta zitajichora.

---

Mwana_Simanjiro:

Mkuu, wewe una shimo halisi nchini kwako unatafuta la Ulaya?

Nimekulia Mererani. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwanaapolo, ndivyo wachimbaji wa tanzanite wanavyoitwa, jina lilitokana na safari za Apollo za kwenda mwezini. Tanzanite haijapatikana kokote duniani isipokuwa kwenye vilima vya Mererani, na iligunduliwa 1967. Hiyo peke yake inampa mchezaji sababu ya kushuka, na hahitaji kusimuliwa hadithi ya binti mfalme.

Sasa sikiliza sheria zilizopo chini tayari.

Kwanza hewa. Huko ndani hewa inasukumwa kwa kompresa iliyo juu, kwa bomba. Kompresa ikizima, hesabu inaanza. Wewe una mwenge unaopungua kwenye gemu yako, si ndiyo? Hewa inafanya kazi ile ile, lakini kila Mtanzania ataielewa kifuani. Baruti nayo ina moshi: ukishalipua hurudi pale pale, unasubiri utoke. Mchezaji mwenye haraka atakufa kwa haraka yake.

Maji. Mwaka 1998 mvua kubwa iliingiza maji migodini, makumi ya wachimbaji wakafa, na 2008 ikajirudia. Mvua ya juu usiyoiona ndiyo inakuua wewe uliye chini. Nakuomba hili ulishike kwa heshima, kuna familia zimebaki.

Halafu kuna jambo ambalo sijaliona kwenye gemu yoyote: mtobozano. Mgodi wako unafuata mwamba, wa jirani naye anafuata mwamba, juu mna mipaka ila chini mwamba haujui mipaka. Siku moja ukuta unatoboka na watu wa mgodi mwingine wako mbele yako na tochi zao. Hapo ni maneno, ni kukimbia, au ni ugomvi. Kabla ya kutoboka mnasikiana: mnasikia wenzenu wanagonga, na hujui wako mita ngapi. Weka hiyo kwenye spika za masikioni uone mtu atakavyoshikilia pumzi.

Na ukipata jiwe bado hujajua umepata nini. Tanzanite nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia. Ule ubluu unakuja baada ya kuichoma, joto la nyuzi kama 500 hadi 600, na jiwe lenye ufa ndani linaweza kupasuka. Ukiligeuza kwenye mwanga linabadilika rangi, upande huu bluu, ule zambarau. Gemu za zamani kuna chupa za dawa usizojua zina nini mpaka unywe. Wewe una jiwe usilojua thamani yake mpaka ulichome, na dalali kasimama pembeni anakupa bei ya sasa hivi kabla hujachoma.

Mwisho, sura. Mwamba wenyewe umejaa madini ya kinywe. Mtu akitoka chini anang'aa kijivu mwili mzima, meno na macho tu ndiyo yana rangi yake. Binamu yako anayechora aanze na uso huo.

---

Bahati_Mbeya:

Nimekaa hapa, sitoki. Huo mtobozano ndio gemu yenyewe.

---

Nyali_kwa_Juu:

Ndugu yangu, mimi ni wa Mombasa na nitakupinga kidogo. Unazikimbia kuta za mawe, lakini ngome si mbaya, kibaya ni kuingia kila mara kwa mlango ule ule.

Hapa kwetu Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno 1593 hadi 1596, ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko mizinga, na ilifika wakati ngome ikashikwa na Sheikh Daud wa Faza na watu wake wa pwani, Wareno karibu wote wakiwa wamekufa. Sasa geuza gemu yako: wewe hushuki, wewe uko ndani tayari na adui ndiye anayetafuta njia ya kuingia. Vyumba unavijua vyote, unachokosa ni chakula na watu. Kalenda yako ni ya pepo za msimu: meli za msaada kutoka Goa, India, zinategemea kaskazi, kaskazi ikipita bila tanga kuonekana unajua ni lazima ufike mwakani na ulicho nacho.

Halafu humo ndani watu si wa upande mmoja. Mreno, Mswahili wa Faza, kila mtu na sababu yake ya kubaki. Ukiniuliza, hiyo ina uzito kuliko zimwi.

---

Pweza_Unguja:

Mimi napendekeza pango la Mangapwani. Liko chini ya ardhi, giza, karibu na bahari, na kila aliyefika Unguja analijua. Unaingia unatafuta hazina, unapambana na mizimu.

---

Bi_Mkunazini:

Mdogo wangu Pweza, hapo naomba tusimame.

Mangapwani kuna sehemu mbili. Kuna pango la mawe ya matumbawe lenye maji, hilo halina neno. Na kuna chumba kilichochimbwa chini kufichia watu, baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa 1873 na biashara ikaendelea kwa siri. Watu walishushwa mle wakasubiri majahazi ya usiku. Mtoto wangu ashike simu apige mizimu humo apate dhahabu? Hiyo mizimu ni nani? Ni babu zake.

Sisemi sehemu hizo zisiguswe kabisa. Anayetaka kuzigusa amweke mchezaji upande wa aliyefungwa, kazi iwe kutoka na kutoa wengine, na asiokote kitu. Hiyo ni gemu nyingine, inahitaji mkono mzito na kusoma sana. Kwa gemu ya kwanza ya vijana wawili singeshauri.

---

Pweza_Unguja:

Dada nimekuelewa, nilikuwa nafikiria lile la maji tu. Asante kwa kulitenganisha.

---

Kapchorwa_Boy:

Naandika kutoka upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Upande wa Kenya kuna pango la Kitum, linaingia ndani ya mlima kama mita 200. Tembo huingia humo usiku kutafuta chumvi. Wanakwenda gizani wakipapasa kwa mkonga, wanavunja ukuta kwa pembe na kutafuna mawe. Kuna ufa mkubwa ndani ambao ndama wametumbukia, mifupa yao iko chini.

Fikiria gemu ambayo hakuna wa kumuua. Umeingia, umesikia nyuma yako hatua nzito zinakuja kwenye njia pekee ya kutokea, na tochi yako ukiiwasha utawashtua. Juu kuna popo, na pango hilo lilihusishwa na wagonjwa wawili wa homa hatari ya virusi vya Marburg, 1980 na 1987, kwa hiyo hata kugusa ukuta ni uamuzi. Mapigano mnayo tayari, sawa, lakini angalau leveli moja muipe silaha isiyofanya kitu.

---

Kijana_wa_Ilala:

Shikamoo Mzee wa Kaseti, na asanteni wote. Nimesoma kila jibu na binamu.

Fort Jesus tumeipenda mno, ila mfumo wetu ni wa kwenda mbele kugundua ramani, na kuzingirwa kunataka mfumo mwingine. Tumeiandika pembeni kwa siku zijazo. Bi Mkunazini, tumekusikia.

Tunaelekea mgodini. Hewa itachukua nafasi ya mwenge, hiyo ni kubadilisha namba chache tu kwenye kodi. Kuchoma jiwe nako ni rahisi. Swali langu kwa Mwana Simanjiro: mtobozano tuufanyeje bila kuwageuza wachimbaji wengine kuwa mifupa ya kupigwa? Ndilo linalonisumbua. Tukiweka watu mbele ya mchezaji mwenye silaha, atawapiga.

---

Mwana_Simanjiro:

Mkuu, mnyang'anye silaha. Mwanaapolo hashuki na upanga, anashuka na nyundo, tindo na tochi. Vita vyake ni na mwamba. Yale mapigano yenu yahamishieni huko: mwamba laini, mwamba mgumu, mwamba unaotaka kuanguka, kila mmoja una dalili zake na namna yake ya kuupiga.

Mtobozano uwe wa maneno. Wakati unachimba, mchezaji asikie kugonga nyuma ya ukuta: tik, tik. Achague kunyamaza, kugonga kujibu, au kubadilisha njia. Ukuta ukitoboka, kinachoamua ni ulivyoishi nao kabla. Ulijibu kugonga kwao? Bomba lao la hewa lilipokatika uliwapisha kwenye lako? Au uliwahi kulipua bila kuwapa ishara na moshi ukawafuata? Mnakubaliana kugawana mwamba, au mnapelekana juu kwa wenye migodi na kazi inasimama siku kadhaa, huku chakula cha wenzako kinaisha. Kazi kusimama inaumiza kuliko kipigo, mwulize yeyote anayechimba kwa mgawo bila mshahara.

Kitu kingine: huyo mchezaji asiwe peke yake. Kikosi cha gemu zenu za kale kina shujaa, mchawi, mwizi. Chako kina anayechimba, anayelipua baruti, anayetoa kifusi, na anayebaki juu kwenye kompresa. Huyo wa juu ndiye umchague kwa makini kuliko wote, kwa sababu ukishashuka huwezi kumwona.

---

Mzee_wa_Kaseti:

Hapo kwenye mtu wa kompresa nimeweka kikombe chini.

Kijana, nyongeza moja ya kiufundi. Ramani yako usiichore yote kwa mkono. Rogue ya 1980 ilikuwa inapanga vyumba upya kila ukianza, na mgodi unafaa kwa hilo kuliko ngome, maana mgodi hauna msanifu, unafuata mwamba. Panga kwanza mkondo wa mwamba wenye madini, uupinde pinde, kisha mwache mchezaji achimbe njia zake mwenyewe. Mgodi wa jirani uufuatishe mkondo ule ule kwa kodi ile ile. Watakutana bila wewe kupanga wapi.

---

Bi_Mkunazini:

Na jina la mgodi na la mwenye mgodi mlibuni, msitumie la mtu aliyepo. Pia mhusika mmoja wa juu awe mama anayechekecha kifusi kilichotolewa, maana yeye huokota vipande walivyoviacha wanaume. Mpeni nafasi ya kuuza na kununua. Atakuwa anajua bei kuliko dalali.

---

Kijana_wa_Ilala:

Mzee, hilo la mkondo mmoja kwa migodi miwili naanza nalo usiku huu. Bi Mkunazini, mama wa kifusi ameingia, binamu ameshaanza kumchora, na duka lote la gemu tunamkabidhi yeye. Mwana Simanjiro, naomba nikutumie toleo la kwanza likiwa na sauti tu za kugonga, bila michoro, uniambie kama ukuta unasikika kama ukuta wa kwenu.

---

Mwana_Simanjiro:

Tuma. Nitamvalisha kaka spika za masikioni, yeye ndiye atakwambia.