Wamoravian wa Jamaika: gumzo la kikundi cha ukoo

Atupele: Shikamooni wakubwa zangu. Umoja wa vijana wa usharika wetu umenipa kazi ya kueleza, Jumapili ijayo baada ya ibada, jinsi Kanisa la Moravian lilivyoingia Jamaika. Kila ninachokisoma kinaanza na wamisionari watatu wa mwaka 1754, kisha kinaruka moja kwa moja hadi kukomeshwa kwa utumwa. Baba mkubwa, wewe uliyefundisha historia, naomba unisaidie kujaza hapo katikati.

Baba Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Hao watatu ni Zacharias George Caries, Thomas Shallcross na Gottlieb Haberecht, na walifika mwezi Desemba. Kabla ya kuwataja, waeleze vijana ni nani aliyewaita. Waliitwa na ndugu wawili, William Foster na Joseph Foster Barham, waliokuwa wakiishi Uingereza huku wakimiliki mashamba ya miwa pamoja na watumwa wa kuyalima, katika mkoa wa St Elizabeth na mkoa jirani wa Westmoreland. Ndugu hao walikuwa wameguswa na mahubiri ya Wamoravian kulekule Uingereza, wakataka watumwa wao nao wahubiriwe. Kuwaacha huru hakukuwamo katika mpango wao.

Shangazi: Kaka, mbona tangu utotoni tunafundishwa kwamba ndugu wa Herrnhut, kule Ujerumani walikoanzia Wamoravian, walikuwa tayari kuuzwa utumwani wao wenyewe ili wawafikie watumwa?

Baba Mkubwa: Hiyo ni habari ya kisiwa cha St Thomas, kingine cha Karibi, dada, mwaka 1732. Leonhard Dober, aliyekuwa mfinyanzi, alisema kweli kwamba yuko tayari, na David Nitschmann, seremala, akafuatana naye. Hakuna aliyeuzwa. Jamaika ilianza miaka 22 baadaye na kwa namna nyingine kabisa: wamisionari walifika wakiwa wageni wa wenye mashamba, wakapewa ardhi, wakaiita Carmel, na kwa kuwa ilikuwa desturi ya Wamoravian kwamba mmisionari ajitafutie riziki yake, wakafuga ng’ombe pale na kuwatumia watumwa waliokuwa mali ya misheni yenyewe.

Mjomba: Shemeji, unataka kusema kanisa letu lilimiliki watu?

Baba Mkubwa: Lilimiliki, shemeji. J. H. Buchner, mmisionari aliyeandika historia ya kazi hiyo ilipotimiza miaka 100, hakulificha jambo hilo, naye alilihesabu kuwa miongoni mwa sababu za kazi kudumaa. Ukilifikiria utaona kwa nini. Mtu yuleyule anayekusimamia mchana katika zizi la ng’ombe ndiye anayekuja jioni, mgongo wako umekufa ganzi, kukuambia habari za Mwokozi. Zaidi ya hayo Carmel ilikuwa bondeni karibu na vinamasi, homa ikawamaliza wamisionari na wake zao mmoja baada ya mwingine. Katika miaka 50 ya kwanza waliobatizwa hawakufika 1,000.

Mjomba: Mimi nisingeyasema hayo mbele ya vijana. Wako wanaotafuta sababu ya kuhama kanisa, nasi tunawapelekea mezani.

Shangazi: Wanayasoma kwenye simu zao kila siku, shemeji. Ni afadhali wayasikie kwa Atupele. Ila, kaka, kama mwanzo ulikuwa hivyo, kanisa lilikuaje?

Baba Mkubwa: Hapo ndipo ningependa Atupele akae muda mrefu zaidi, kwa sababu vitabu vingi vinapita haraka. Waliolikuza ni Waafrika. Yuko mtu aliyeitwa George Lewis, mzaliwa wa Afrika, aliyekuwa mtumwa Virginia, Marekani, kabla ya kupelekwa Jamaika. Alikuwa mchuuzi: alimlipa bibi aliyemmiliki kiasi cha fedha kila mwezi ili aruhusiwe kuzunguka na bidhaa zake, na kila alipotua mzigo alihubiri. Alianza bila kutumwa na misheni yoyote, akafika hata kwenye mashamba ambako mmisionari hakuwa na ruhusa ya kukanyaga. Wamoravian walipofungua vituo vipya juu milimani, kama Fairfield katika mkoa wa Manchester, waliwakuta watu ambao tayari walikuwa na kiu ya Neno.

Atupele: Nimekutana pia na jina la Archibald Monteith. Je, naye ni wa kundi hilo?

Baba Mkubwa: Naye ni wa kizazi kilichofuata. Alikuwa Mwigbo, wa nchi ambayo leo ni Nigeria, jina lake la nyumbani Aniaso, akachukuliwa akiwa mtoto mdogo na kufikishwa Jamaika mwanzoni mwa karne ya 19. Alikua akawa msimamizi shambani, kisha msaidizi katika usharika wa New Carmel. Wasaidizi hao walikuwa watumwa waliopewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa, kupatanisha walionuniana na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Kwa hiyo ukimwona mzee wetu wa kanisa akizunguka nyumba kwa nyumba, unaiona kazi ya namna ileile. Mwaka 1837 Monteith aliununua uhuru wake kwa fedha zake, wakati umebaki mwaka mmoja tu kabla watumwa wote wa Jamaika hawajawa huru kabisa. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, yakaandikwa, na bado yanasomwa. Alifariki mwaka 1864.

Mjomba: Huyo nakubali atajwe. Lakini hata wamisionari usiwaweke wote kapu moja. Niliwahi kusoma kwamba mmoja alinusurika kunyongwa.

Baba Mkubwa: Umesema kweli, shemeji. Baada ya uasi wa watumwa wa Krismasi ya mwaka 1831, ulioongozwa na Sam Sharpe, shemasi wa Kibaptisti, wenye mashamba waliwageukia wamisionari kwamba ndio wachochezi. Heinrich Gottlob Pfeiffer, Mmoravian, alikamatwa Januari 1832 na kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Mandeville, ambako hukumu ya kifo ilikuwa jambo la kutarajiwa. Aliachiwa. Sharpe alinyongwa Mei ya mwaka huohuo. Hata hivyo, Pfeiffer na wenzake walikuwa wakiwafundisha watumwa kuwatii mabwana zao, kwa hiyo Atupele asimfanye kuwa mpigania uhuru.

Shangazi: Na wanawake, kaka? Umoja wetu utakuwepo Jumapili, nao watauliza.

Baba Mkubwa: Waelezwe juu ya chuo cha Bethlehem. Baada ya uhuru, kila kituo kilihitaji shule na kila shule ilihitaji mwalimu, ndipo mwaka 1861 Wamoravian wakaanzisha chuo cha kuwafunza wasichana ualimu. Kipo hadi leo, Malvern, St Elizabeth, na sasa kinapokea wanaume pia. Mwaka uliotangulia, 1860, uamsho mkubwa ulianzia katika usharika wa Moravian mkoani humo, ukaenea kisiwa kizima na kuingia katika madhehebu mengine. Mimi naona dhehebu hilo dogo liliigusa Jamaika zaidi kwa walimu wake kuliko kwa idadi ya waumini, ambao hadi sasa ni wachache wakilinganishwa na sisi wa Tanzania.

Atupele: Ahsante sana, baba mkubwa. Nitaanza na George Lewis na mzigo wake wa bidhaa, halafu ndipo nirudi kwa Foster na Barham. Habari ya Carmel nitaisema waziwazi. Mjomba, naomba usikae kiti cha nyuma.

Mjomba: Nitakaa mbele, mpwa wangu, na swali ninalo. Wamisionari wa Moravian waliofika kwetu Rungwe mwaka 1891 walikuwa wameisoma habari hiyo ya Carmel au hawakuisoma?

Baba Mkubwa: Kitabu cha Buchner kilikuwa kimetoka miaka 37 kabla yao, shemeji. Muulize swali hilo mchungaji pia, atakuwepo.