Mjadala: Kodi ya miezi sita kwa mwanafunzi hapa Mtwara, ni haki?

Mgeni wa Mwanza: Wadau, nimepangiwa chuo Mtwara na hosteli zimejaa. Nimepata chumba Magomeni, 50,000 kwa mwezi, choo cha uani cha nyumba nzima, umeme wa LUKU wa kuchangia. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 300,000, na dalali anadai mwezi wake. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, halijaingia. Kwa nini sheria isilazimishe kodi ya mwezi kwa mwezi kwa wanafunzi? Au wenye nyumba wa Mtwara bado wanapiga hesabu za enzi za gesi?

Mama Chuno: Mwanangu, gesi imeingiaje kwenye chumba cha uani? Mimi nachukua miezi sita kwa sababu mwanafunzi chuo kikifungwa anaondoka na ufunguo. Mmoja alikuwa anachemshia maharage kwenye jiko la koili, mlango kafunga, redio juu, na LUKU tunachanga watu sita. Umeme ukiisha wa kwanza kulalamika ni yeye.

Mzawa wa Mikindani: Mgeni, hiyo gesi usiitaje ovyo. 2013 watu walikufa hapa wakidai isiondoke. Bomba likajengwa, kilomita zaidi ya 500, gesi ikaenda Dar. Leo unakuja kutuambia tumetajirika?

Kaka Shangani: Hajasema mmetajirika. Kasema kodi imepanda, na ni kweli. Wageni wa makampuni ya gesi walipoanza kumiminika, huku Shangani nyumba nzima zilipangishwa kwa bei ambayo mwalimu hawezi kuigusa. Wenyeji wakahamia Magomeni na Chikongola, na huko nako bei ikapanda. Wageni wakaondoka, kodi ikagoma kushuka.

Mzawa wa Mikindani: Wewe wa Shangani utajua nini? Mlikuwa mnapangisha!

Kaka Shangani: Baba yangu alikuwa mpangaji mpaka anaingia kaburini. Chunga mdomo.

Binti Newala: Jamani, mtoto kauliza kodi. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ilishafutwa, nadhani 2005, kwa hiyo mnabaki kuelewana. Mimi nilisoma hapo. Kwetu ni korosho, stakabadhi ghalani: mzigo unauzwa mnadani, halafu mnasubiri hela iingie. Chuo kinafungua wakati baba bado anaulizia malipo chama cha msingi cha ushirika. Miezi sita kwa wakati huo ni kumwambia mtoto arudi nyumbani. Nilimwomba mwenye nyumba nilipe miwili, minne nimalizie korosho zikilipwa. Tuliandikishana mbele ya mjumbe, akakubali.

Dalali Ligula: Wote mnatusema sisi. Nani anamtembeza mgeni juani nyumba saba, halafu anaambiwa atarudi?

Mama Chuno: Wewe nyamaza. Chumba changu ulikitaja 60,000 wakati mimi nilisema 45,000!

Dalali Ligula: Mama, hapo kuna maji ndani. Yana thamani yake.

Mama Chuno: Maji yanatoka mara moja moja, yana thamani gani! Mgeni, kama unasoma, njoo uone mwenyewe bila huyu. Miezi mitatu nitakubali. Jiko la koili marufuku, utapikia mkaa uani kama wenzio.

Mgeni wa Mwanza: Asante sana mama. Hiyo 45,000 na LUKU imo?

Mzawa wa Mikindani: Yaani mnampa chumba kabla hajaomba radhi?

Binti Newala: Radhi ya nini, kaka? Huyo 2013 alikuwa mtoto wa chekechea.

Mzawa wa Mikindani: Basi ajifunze. Jirani yetu alipoteza kijana mwaka ule. Hapa gesi si neno la kurushia kwenye maneno ya kodi.

Kaka Shangani: Pole kwa msiba huo, nami nauheshimu. Lakini aliyepandisha kodi si huyu mtoto. Waulizeni wale waliochukua faida wakati ule, na wengine wako Mikindani hukohuko kwenu.

Mama Chuno: LUKU haimo. Mnachanga.